Mkalimani Aliyetangulia Kusema

Katika kazi yangu ya ukalimani mjini Stockholm niliwahi kuitwa kwa mgonjwa aliyekuwa amekwisha kupona, kwa bwana aliyejua Kiswidi kuliko mimi, na safari moja kwa mbwa wa mmisionari mstaafu ambaye hakusikia amri isipokuwa za Kiswahili. Lakini hakuna aliyenishangaza kama profesa wa Spånga. Aliniagiza nyumbani kwake kupitia ofisi yetu, Jumamosi asubuhi. Nikapanda treni, nikafika, nikavua viatu mlangoni kama ilivyo desturi ya kule, nikakuta hakuna wa kutafsiriwa. Tulikuwa wawili tu na birika la kahawa. Nilipouliza mteja yuko wapi, alisema hakuna mteja. Alitaka tu kumwona tolk.

Tolk ndilo neno la Waswidi la mkalimani. Profesa alikuwa mtaalamu wa asili ya maneno, na neno hilo moja la silabi moja lilikuwa limemla ujana wake na karibu nywele zote. Alikuwa akiliandikia kitabu. Alinieleza kwamba katika zama za kati neno hilo lilizagaa pande zote za bahari yao: Wajerumani wa kaskazini walikuwa nalo, Waholanzi walikuwa nalo, Walithuania na Warusi vilevile. Nani alimpa nani, na kabla ya hapo lilitoka wapi, hapo ndipo watu walipogombana. Yeye alishikilia kwamba wenyewe ni Waslavi. Mwenzake wa chuo kingine alishikilia kwamba neno ni la nyumbani tangu zamani, ndugu wa lile la Waingereza la kuongea. Kwa miaka mingi walikuwa wakitupiana makala kwenye majarida, kila mmoja akimwita mwenzake "msomi mwenzangu mheshimiwa", na kwa Waswidi hilo ni tusi la kutosha kupelekana mahakamani.

Nilishikwa na huruma, si kwa profesa, bali kwa neno. Limekaa nchini karne nzima nzima, linakwenda kazini kila siku, halijamkosea mtu, na bado wazee wenye miwani wanaliuliza limetoka wapi hasa. Mimi nilikuwa na miaka michache tu pale, na swali hilo nilikuwa nikiulizwa kila kituo cha basi. Nikijibu kwamba natoka Farsta, maana ndiko nilikokuwa nikikaa, walitabasamu na kusema hapana, hasa hasa.

Profesa akataka kujua sisi tunamwitaje mtu wa kazi hiyo. Nikasema mkalimani, na wengine husema tarjumani. Aliposikia tarjumani alifurahi mpaka akamwaga kahawa kwenye sahani. Hilo alilijua. Alisema ni neno lenye karatasi zake zote: lilitoka kwa Waarabu, likapita mikononi mwa wafanyabiashara na mabalozi, likaingia Ulaya likigongewa muhuri kila mpaka. La kwake halikuwa hata na cheti cha kuzaliwa. Alilisema hilo kwa uchungu wa kweli, nami nikajikuta namfariji.

Kisha akaniuliza tunavyofanya kazi. Nikamweleza sheria kuu ya ofisi yetu, kwamba tolk hasemi "anasema anaumwa"; tolk husema "naumwa". Mwenye maneno akisema mimi, nami nasema mimi. Kwa sheria hiyo nimekuwa na mimba mara nyingi, nimefunga choo, nimemkana mume wangu mbele ya mwanasheria, na kuna kipindi nilikuwa Mrundi mwenye jino bovu kwa wiki nzima. Nilikuja Uswidi mwishoni mwa miaka ya sitini kusomea mambo ya ushirika, na kwa kweli sijawahi kushirikiana na watu kwa kiasi hicho. Profesa aliandika kila nilichosema. Tangu siku hiyo akawa ananiita kila baada ya muda, kama sampuli ya duka.

Safari mojawapo nilifuatana na kijana wetu wa Morogoro, fundi mitambo aliyekuja kwa mafunzo akabaki na kazi, kwa sababu baadaye tulikuwa na kikao cha Watanzania mjini. Aliyetufungulia mlango ni binti wa profesa. Alikuwa muuguzi, mtoto pekee, na mama yake alifariki yeye akiwa darasa la pili. Kijana alimsalimia akapita na viatu vyake mpaka sebuleni, vikiwa na theluji na matope. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza niliyoiona. Kabla majira ya baridi hayajaisha, wawili hao walikuwa wakiishi pamoja Fisksätra, kwenye ghorofa jipya lenye kuta nyembamba, wakisonga ugali wa semolina.

Kwa Waswidi wa siku zile mambo yalikuwa yamekwisha. Watu wakishanunua kitanda, hakuna cha kuuliza tena. Lakini Morogoro kulikuwa na mama, na mama yule alileta ujumbe kwa mdomo wa mwanafunzi mmoja aliyetoka likizo. Alisema mtoto wa watu ana kwao. Kama hakuna aliyekwenda kwao kusema, na kama mwenye mtoto hajajibu kwa kinywa chake, basi msichana huyo asiletwe nyumbani kwake, kwani yeye hapokei kitu cha wizi. Na tiketi za kwenda kumwona mwisho wa mwaka zilikwisha nunuliwa.

Kijana alitaka kulipuuza jambo hilo. Msichana ndiye aliyekataa. Alikuwa amejifunza shikamoo na alikuwa akiniamkia hata kwenye simu, na alikuwa akifunga kanga jikoni, ingawa ilimwanguka kila alipoinama. Alisema hataki kwenda kukaa katika nyumba ya mtu ambaye anamhesabu kama mali ya magendo. Alitaka aombwe kama wanavyoombwa wengine.

Basi ikabidi washenga watafutwe. Posa haipelekwi na mwenyewe. Hupelekwa na watu wazima wenye maneno mazito. Tatizo ni kwamba Stockholm yetu haikuwa na watu wazima. Wote tulikuwa wanafunzi wa juzi. Kikao kilituchunguza mmoja mmoja, nikaambiwa nivue kofia. Upara ulinianza mapema, na kwa miaka mingi nilikuwa nimeuficha. Wakautazama kwa makini, wakaupitisha bila kupingwa. Mshenga wa pili alikuwa Mkenya mmoja aliyekuwa akipanga barua posta, na sifa yake kubwa ilikuwa koti refu la sufu lililomfanya aonekane kama waziri aliyejiuzulu.

Tulikwenda Spånga tukiwa na doti ya kanga na kahawa ya kwetu. Tulikubaliana kwamba Mkenya aseme kwa Kiswahili, kwa heshima ya shughuli, nami nitafsiri. Miaka ile Waswidi walikuwa wameviacha vyeo, kila mtu anamwita mwenzake wewe, hata mkurugenzi. Profesa alitusihi tumwite wewe. Mkenya alikubali, na tangu hapo akamwita "wewe Mzee Profesa Mheshimiwa". Akaanza kuzunguka kama inavyotakiwa. Alisalimia nyumba, akauliza afya, akashukuru kwa kahawa, akasifu vitabu, akaeleza taabu za treni, na hatimaye akafika: tumekuja kuomba undugu, kijana wetu amempenda binti wa nyumba hii.

Profesa alivuta pumzi. Basi. Alivuta pumzi kidogo kwa mdomo, kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya baridi, akaendelea kukoroga kahawa yake.

Tukangoja. Mkenya akanitazama. Nikaelewa kwamba natakiwa kutafsiri pumzi. Profesa alikuwa mtu wa kaskazini kabisa ya nchi ile, na watu wa huko husema ndiyo kwa kuivuta ndani, hawana haja ya kupoteza sauti. Nikamnong'oneza mwenzangu kwamba posa imekubaliwa.

"Wacha," alisema Mkenya, taratibu. "Huyu mzee anatupatia msichana kama anatupatia gazeti ya jana?"

Anayesoma hapa akiwa na binti ataelewa tulivyofadhaika. Kwetu hakuna baba anayejibu siku hiyohiyo. Husema amesikia, atawauliza ndugu, washenga warudi siku nyingine. Hata kama anampenda mkwe kuliko mwanawe mwenyewe, lazima avute siku, vinginevyo watu watauliza msichana ana kasoro gani. Sasa tungemwambia nini mama wa Morogoro? Akiuliza baba alijibuje, tumwambie alihema?

Kwa hiyo tulifanya jambo ambalo nadhani hakuna washenga wengine duniani wamewahi kulifanya: tulimwomba baba wa msichana atukatalie. Profesa alishangaa. Alisema yeye hana pingamizi, hao ni watu wazima, jambo lenyewe halimhusu. Nikamwambia tunaelewa kwamba halimhusu, lakini tafadhali atukatalie, walau kwa wiki mbili; aseme kwamba lazima awaulize ndugu zake. Akasema ndugu aliye naye ni dada mmoja kisiwani Gotland, na hawajazungumza tangu walipogombania kabati. Nikamwambia huyo anafaa kabisa. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama desturi hii ni ya zamani. Ningekuwa na akili, ningeliogopa swali hilo.

Usiku ule hakulala, alituambia mwenyewe. Alikuwa ameiona asili ya neno lake. Watafiti wote walikuwa wakimtafuta tolk wa kwanza sokoni au kwenye majumba ya wafalme. Na kama alikuwa mshenga? Mtu anayevuka bahari kati ya nyumba mbili zisizosikilizana, anayesema mimi kwa niaba ya mwingine? Nilijaribu kumwambia kwamba kwetu mshenga na mkalimani ni watu wawili tofauti, na kwamba Morogoro ni mbali na Lithuania. Hakusikia. Alikwisha kumwona yule msomi mwenzake mheshimiwa akianguka kifudifudi. Kitabu kilipotoka, miaka baadaye, washenga hawakutajwa hata kwa mstari mmoja, na mbele ya asili ya neno palikuwa na alama ya kuuliza. Lakini wakati ule alikuwa na homa.

Basi akatukatalia, na alikataa kwa furaha. Tulirudi, akakataa tena, safari hii akiwa na kinasa sauti mezani. Tuliporudi mara nyingine alituomba turudie zile salamu za mwanzo, kwa kuwa mashine haikuzinasa vizuri. Aliuliza kama anaruhusiwa kuwa mkali. Tukamwambia kidogo si vibaya, naye akajaribu, akatuambia kijana wetu ana masikio makubwa, kisha akaomba radhi mara moja. Mkenya alianza kuchoka. Alisema yeye alikuja kuposa, si kuigiza redioni, na koti lile lilikuwa linamtoa jasho.

Binti aliyajua haya yote kwa sababu mimi ndiye niliyemhadithia. Niliposimulia ile siku ya kwanza, alicheka mpaka akashika ukuta wa jikoni. Halafu akauachia ukuta. Akauliza baba yake alikaa muda gani kabla ya kuvuta ile pumzi. Nikasema hakukaa.

"Kwa hiyo ninyi ndio mliomwomba anizuie," alisema. "Wageni."

Na alipojua kwamba sasa anazuiwa kweli, lakini kwa ajili ya kitabu, aliacha kabisa kuuliza habari za Spånga. Kanga nikaiona imekunjwa imewekwa juu ya kabati. Nilikasirika. Nilimkasirikia profesa na nililikasirikia neno lake, ambalo awali nilikuwa nimelionea huruma.

Wakati nao ulikuwa unakwisha. Yule mwanafunzi aliyeleta ujumbe alikuwa amemaliza masomo, anarudi nyumbani moja kwa moja, na ndiye aliyekuwa apeleke jibu. Mama alitaka kuisikia sauti ya mwenye mtoto, kwa hiyo jibu lilikuwa lirekodiwe kwenye kaseti. Nilimpigia profesa simu, nikaiweka adabu ya ushenga pembeni. Nikamwambia neno lake litakuwepo mwakani na mwaka wa baadaye, lakini binti yake haji tena kwake, na kama hajaliona hilo basi miwani yake ni ya kusomea tu. Kisha akasema tuje Jumapili.

Jumapili hiyo msichana naye alikuja. Kwa desturi yetu hakutakiwa kukaa pale, lakini desturi ilikwisha kuvunjika mahali pengi. Alikaa sakafuni karibu na makabati ya vitabu, na koti lake hakulivua, kama mtu aliye kwenye jukwaa la stesheni. Mkenya alifungua shughuli kwa salamu fupi kwa ukoo wote wa Morogoro. Kaseti ikazunguka. Profesa akasogea mbele ya maikrofoni, akakohoa, akaanza na zama za kati.

Nami nikatafsiri. Tolk hachagui. Ndiyo maana mpaka leo kuna kaseti Morogoro ambamo baba mkwe anaanza kwa kuwaeleza wakwe zake habari za Walithuania. Alikuwa amefika kwa Wajerumani wa kaskazini msichana aliposema kutoka sakafuni, bila kupandisha sauti, "Baba, anayekusikiliza ni mama wa mtu."

Profesa alikoma. Mashine ikaendelea kuzunguka. Alivua miwani, akaishika mkononi, na hakumtazama binti yake, alinitazama mimi. Sijui aliona nini. Labda aliona tu kwamba kuna mtu katikati. Alianza kusema polepole, nami nikafuata, sentensi kwa sentensi, kama sheria inavyotaka.

"Binti yangu miguu yake hupoa upesi. Akilala bila soksi, hupata homa. Akikasirika hali. Msimlazimishe, mwekeeni mkate karibu, ataula msipomtazama. Mama yake alipofariki alikuwa akija chumbani mwangu nikifanya kazi, anakaa chini ya meza. Hakuwa akisema kitu. Mimi sikujua la kumwambia, kwa hiyo niliandika. Nikaendelea kuandika, ili asiondoke."

Wakati ule sikuwa na mtoto. Nilikuwa nimekwisha kuwa wajawazito na wagonjwa wa kila namna, na sauti haikuwahi kunisaliti. Lakini lile "binti yangu" nililisema mara mbili, ingawa profesa alilisema mara moja. Mkenya alikuwa akizichunguza kucha zake. Profesa alingoja nimalize, kisha akasema la mwisho.

"Siku walipokuja kuniuliza nilisema ndiyo haraka. Sikudhani kwamba nina haki ya kusema kitu kingine. Sitaki kumtoa. Namtoa."

Nikalitafsiri na hilo. Nilipogeuka, msichana alikuwa amesimama. Alivua koti, akaenda kulitundika ukumbini mahali pake, akarudi na sinia la vikombe.

Jibu la Morogoro lilikuja baada ya majuma kadhaa, kwenye kaseti vilevile, na sauti za kuku nyuma yake. Tulikutana tena Spånga kulisikiliza, safari hii kijana mwenyewe akiwepo, amevua viatu. Mama alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka. Alisema posa ameiridhia na mtoto aletwe. Soksi si neno, Morogoro kuna joto. Mkate utakuwepo na hakuna atakayemtazama. Walithuania, kama ni ukoo wa upande wa mama, nao anawasalimu sana.

Kisha akamshukuru baba mkwe kwa Kiswahili chake. Alisema utotoni alimjua padri mmoja mzungu pale misheni aliyekisema vizuri, lakini si kwa lafudhi hii ya Tanga, yenye huruma ndani yake. Mimi ni mtu wa Tanga. Kijana akaanza kucheka, na Mkenya akajifunika uso kwa kofia. Mama akaendelea, akatuagiza tusisahau kumsalimia na yule bwana mwingine, anayesema lugha isiyojulikana.

"Yule mkalimani wenu ni hodari," alisema. "Sijapata kumwona wa namna ile. Anatafsiri kabla hata baba hajasema."

Nikalitafsiri kama lilivyo, maana sheria ni sheria. Msichana alicheka mpaka akaketi sakafuni. Nilitegemea profesa atataka kosa lisahihishwe. Mtu yule aliwahi kumwandikia mhariri kurasa nyingi kwa sababu ya irabu moja. Badala yake aliomba kaseti irudishwe nyuma, akaisikiliza tena sehemu ile ingawa hakuelewa hata neno moja, akaniuliza kama nina hakika ndivyo alivyosema. Nikasema ndivyo. Akauliza kama tumwache aendelee kudhani hivyo.

Kijana akasema hilo ni la baba kuamua. Profesa akamtazama binti yake, na alikaa muda mrefu sana, mpaka kahawa ikapoa kwenye vikombe. Halafu akavuta pumzi.